Daftari la Nyimbo za Bi Hamama

Donge la unga likiponyoka likaingia kwenye makaa, haliungui mara moja. Kwanza hunukia kama mkate, ukatamani. Baadaye hunuka kama nywele. Mwezi uliopita jirani yangu hapa Kibarani alikuwa akisukuma chapati mlangoni pake, donge likamponyoka likaingia kwenye jiko la makaa. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikaziacha kwenye beseni, nikaingia ndani, nikafunga mlango. "Mama Swaleh, kulikoni?" akaniuliza dirishani. Nikamjibu ovyo. Harufu ile naijua tangu nina miaka tisa. Siipendi, na nikiinusa hujichukia hata mwenyewe.

Jioni hiyo hiyo shangazi yangu akanipigia simu kutoka Malindi. Shangazi Zuhura hapigi simu ila kwa moja kati ya mawili, msiba au umbea.

"Mwanaidi! Kuna mgeni huku, mjukuu wa Bi Hamama. Katoka ng'ambo, amuulizia nyanyake. Alaa, bibi yule tulivyompenda! Nimemwambia wewe ndiye uliyekuwa mtoto wake hasa. Kesho yuwaja kwako."

Tulivyompenda! Huyu ndiye aliyesimama mlangoni kwa Bi Hamama kanga kaifunga kibwebwe, akimwita mwuaji. Uzee umempa usahaulifu wa kuchagua. Mungu atamsamehe akipenda. Mimi bado.

Basi nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokwenda chuoni alasiri na juzuu kifuani mkarudi na vidole vyeusi kwa wino. Wakubwa wetu hadithi yao wanayo tayari, na ni tamu. Yangu mimi si tamu.

Bi Hamama alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu, nyuma ya soko la zamani la Malindi. Alikuwa Yahudi wa Aden, na hakuficha. Ni sisi tuliokuwa hatusikii. Alijitanda leso, alizungumza Kiarabu cha kwao na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha shangazi yangu, basi mtaa ukamhesabu Mwarabu. Watoto wengine wakimwamkia, "Shikamoo, Sharifa," naye hucheka. "Marahaba, wanangu. Lakini mimi si Sharifa, mimi Yahudi." Chuoni nilisikia habari za Mayahudi katika visa vya mitume, watu wa zamani sana. Sikudhani kwamba mmoja wao aweza kukaa nyumba ya nne na kugawa mkate.

Mumewe alikuwa muuza vitambaa. Walitoka Aden kwa shari, wakaja Mombasa, kisha Malindi, na Malindi ndiko mume alikofia. Watoto wao walishaenda nchi za mbali na kila mwaka walimtaka awafuate. "Nimehamishwa mara moja," alikuwa akisema. "Roho moja, kuhama kumoja kwatosha."

Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri alikanda unga mwingi kupita haja ya mtu mmoja. Mikate mingine aliigawa mtaani. Mkate wake mwenyewe wa Jumamosi aliutia kwenye sufuria yenye kifuniko, akaufukia katika jivu la moto kabla jua halijatua, na baada ya hapo hakugusa moto mpaka Jumamosi iishe. Asubuhi yake mimi nilikuwa wa kwanza kubisha hodi. Mkate ulitoka mwekundu juu na laini ndani, umelowa samli, na mayai yaliyolala nao jivuni yamegeuka rangi ya kahawa. Mtu mmoja alimuuliza maalim wetu wa chuo kama chakula kile ni halali. Maalim akasema, "Hao ni watu wa Kitabu, chakula chao halali kwetu. Na mimi mnikumbuke." Mtaa mzima uliula mkate ule. Shangazi Zuhura alipeleka bakuli lake mapema, na bakuli lenyewe halikuwa dogo.

Mchana alikaa ukumbini akidarizi, uzi mwekundu na uzi wa fedha kwenye kitambaa cheusi, na akidarizi aliimba. Siku moja nilipita na juzuu yangu akaniita.

"Waandika, wewe?"

"Naandika."

"Haya, andika hili."

Akaimba mstari mmoja. Nikauandika kwa herufi za Kiarabu kama nilivyousikia, bila kujua maana, kwa kuwa Kiarabu cha chuoni na kile chake havikuwa kimoja. Nikamsomea. Akaweka sindano chini. Nilidhani nimekosea, kumbe analia.

"Kwetu ndugu zangu wanaume walisomeshwa tangu wana miaka mitatu," akaniambia. "Sisi wasichana tulifunzwa kukanda, kudarizi na kunyamaza. Lakini wapi, mwanamke hanyamazi. Mamangu alitunga, na mamake alitunga. Nyimbo za kusaga, nyimbo za hina, nyimbo za mzazi, nyimbo za kumtukana mama mkwe naye yupo papo hapo anapiga vigelegele. Wanaume waliimba yaliyo kitabuni. Sisi yetu tuliyabeba kichwani, na kichwa hiki changu kinazeeka."

Alikuwa na mjukuu ng'ambo, msichana wa umri wangu, ambaye alikuwa akifundishwa kusoma Taurati mbele ya watu, wanaume kwa wanawake, kwa sauti. Zamani kwao jambo hilo halikuwapo kabisa. Wanawe Bi Hamama walilionea haya. "Na wewe?" nikamuuliza. Akatazama mlangoni kama kwamba wanawe wako nje wanasikiliza. "Mimi nafurahi mpaka najificha. Lakini yule asoma maneno ya wanaume. Ya bibi zake hayana kitabu. Basi wewe utamwandikia."

Akanunua daftari la jalada la buluu, kubwa, la kurasa mia mbili. Kila siku nikitoka chuoni nilikwenda kwake, yeye akiimba, mimi nikiandika na kumsomea mpaka aridhike. Nikiuliza maana, mara nyingine alinipa. Mmoja ulikuwa wa bi harusi anayemwambia mamake: umeniuza kwa bangili, na bangili yenyewe nyembamba, yakatika nikipiga ngumi. Huo alisema aliutunga yeye mwenyewe, aliozwa akiwa na miaka kumi na minne. Daftari nililala nalo mimi, kwa kuwa paa lake lilivuja na kwetu kulikuwa na sanduku la bati. Tukafika wimbo wa arobaini na moja. Siku moja nilimwomba aurudie wa kumi na tano, nimalizie neno. Akafungua kinywa, akakifunga. Ulikuwa umeshamtoka.

"Hilo daftari lichunge," akaniambia. "Likipotea, mimi siwezi tena."

Nikamwambia nitalichunga. Nilisema kwa kiapo cha kitoto, mkono kifuani, nikajiona mtu mkubwa.

Sasa sikilizeni kisa cha mama mdogo. Rukia alikuwa mdogo wake mamangu, na mimba mbili zilikuwa zimeshamharibikia. Hii ilikuwa ya tatu na ilikuwa imefika mwezi wa nane. Nyumbani tulitembea kwa vidole. Alhamisi moja, nimefungua daftari nangoja wimbo, Bi Hamama akaniuliza, "Mamako mdogo Rukia, mamake aitwa nani?"

Nikamjibu, "Bi Mwanasha," hata kabla sijafikiri. Nilipofikiri, nikatamani kulirudisha. Nyinyi mliokulia pwani hamna haja ya kuelezwa. Mtu akitaka kukupigia ramli, au akitaka kukudhuru, jina lako pekee halimtoshi, ataka na la aliyekuzaa. Tangu tukiwa wadogo tuliambiwa, mtu akikuuliza jina la mamako na hamjuani, kimbia. Nami nilikuwa nimeshalitoa, tena la mwingine.

Kesho yake Ijumaa nilikwenda mapema nikachungulia jikoni. Bi Hamama alikuwa amejifunga kitambaa chake kilichodariziwa. Akakata donge la unga ukubwa wa ndimu, akaliinua kwa mikono miwili, akasema maneno ya ibada ya kwao. Kisha akaanza kutaja majina kwa kunong'ona, la mwanamke na la mamake, la mwanamke na la mamake. Nikalisikia: Rukia binti Mwanasha. Akalitupa donge kwenye makaa, akasimama akilitazama likiungua. Nami nikainusa ile harufu kwa mara ya kwanza.

"Mbona unalichoma?" nikamuuliza.

"Hili si letu," akasema. "Halipikwi, haliliwi."

Leo najua. Kwao mwanamke akikanda unga mwingi hutenga fungu la Mungu kabla hajaoka. Zamani fungu hilo lilipewa makuhani wa hekalu, na kwa kuwa hekalu halipo tena, huchomwa. Ni ibada iliyowekwa mikononi mwa wanawake, na wanawake waliona ile ni saa ya mlango wa mbingu kuwa wazi, wakaitumia kuwaombea wagonjwa na waja wazito. Nao humtaja mtu kwa jina la mamake, kama sisi. Lakini hayo nayajua leo. Siku ile nilichoona ni kwamba jina la mama yangu mdogo limetiwa motoni.

Wiki ya pili yake Rukia akajifungua, na mtoto akaja kimya. Alikuwa wa kiume, ana nywele nyingi. Walimleta kazungushiwa shuka nyeupe, ndogo kuliko taulo. Mimi nilijitenga uani kwake, na Shangazi Zuhura, ambaye pua yake haikosi kitu, akanikalia mbele.

"Una nini, wewe? Wajua nini?"

Nikamwambia. Jina, donge, moto, yote. Nilitaka mtu mzima anitoe kitu kile kifuani, ndiyo sababu nilisema. Nilikosea mtu.

"Lahaula!" Akajishika kichwa. "Na mkate wake tunakula! Yahudi yule!" Hata jana yake alikuwa akimwita Bi Hamama. Kisha akanigeukia macho yamebadilika. "Na yale makaratasi anayokuandikisha kila siku? Ebo! Azaima zile, maandishi ya kurogea! Mtoto huyu kaandikishwa uchawi nyumba nzima inatazama!" Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa matanga wakaacha. Mmoja akasema maneno ambayo mpaka leo nikilala huyasikia: "Basi mkono ulioandika nao umesaidia kuua."

Mkono ulioandika ulikuwa huu. Hati yangu ilijulikana, maalim aliisifu mbele ya chuo kizima. Alasiri ile, wote wako matangani kwa mama mdogo Rukia, nilirudi nyumbani peke yangu, nikalitoa daftari sandukuni, nikakaa mbele ya jiko la kuni la mamangu. Jalada ndilo lililokataa kushika moto, ikabidi nilichane. Kurasa nilizitia tatu tatu. Sikulia. Nilikuwa na haraka. Nilipomaliza nilikoroga jivu kwa kijiti lisionekane umbo la karatasi, nikanawa mikono, nikarudi matangani nikapewa chai. Ile chai niliinywa yote.

Ijumaa asubuhi wakaenda. Mamangu alikataa kutoka. Alisema, "Mimi mkate wa mtu sijautapika bado," akabaki kwa mdogo wake. Lakini mimi Shangazi alinishika mkono akaniburura, maana nilikuwa shahidi. Kila mwanamke alibeba mkate wa wiki iliyopita uliokauka, wakaurusha kizingitini kwa Bi Hamama. Kuku wakaja mbio. Asante ya punda mateke, lakini hata punda hukupiga kabla hajashiba. Hawa walikuwa wameshiba miaka.

Bi Hamama akatoka mikono imejaa unga. Alikuwa anakanda. Nyuma yake, jikoni, lile donge la wiki ile lilikuwa limeshaingia motoni, na harufu ilitoka naye mlangoni. Wanawake wakaziba pua.

"Ulitaja jina la Rukia?" Shangazi akauliza.

"Nililitaja."

"Na la mamake?"

"Na la mamake."

"Ukalichoma?"

"Nilichoma fungu la unga, kama kila Ijumaa. Nilimwombea."

"Nani kakutuma umwombee? Sema! Nani?"

Bi Hamama akajipangusa unga kidole kimoja kimoja. "Hilo sisemi," akasema.

Makelele yakapanda. Maalim akafika amevaa kiatu kimoja na ndara moja, kwa haraka, akawatuliza kwa fimbo yake. Alikuwa mtu wa haki, maskini. "Na hayo makaratasi, Bi Hamama, yana nini?"

"Nyimbo, maalim. Za harusi, za uzazi. Kiarabu cha kwetu. Soma mwenyewe."

"Vyema. Nikizisoma nikaona ni nyimbo, nitawaambia watu hawa hapa hapa, na yatakwisha. Liko wapi daftari?"

"Likitokea tu mimi nalitia moto hujalifungua," Shangazi akapiga kelele, "na unisamehe, maalim!"

Wote wakanitazama. Bi Hamama naye akanitazama. Akaniuliza polepole, kama alivyokuwa akiniuliza tulipofika mwisho wa mstari.

"Mwanaidi, mwanangu. Daftari liko wapi?"

Ningeweza kusema nimelichoma. Hata hilo lingemsaidia, maalim angeniuliza kilichokuwamo, nami nilikuwa na vipande kichwani, ningeimba wa bangili, ningeimba wa mama mkwe, wangecheka wote. Yangekwisha. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua yangekwisha.

"Daftari gani?" nikasema. "Mimi sina daftari. Sijamwandikia kitu."

Nilimwangalia usoni nikisema. Nilingoja akasirike. Badala yake uso ukamlegea, kitu kama tabasamu kikapita, akainamisha kichwa.

"Basi," akamwambia maalim. "Mtoto kasema hana daftari. Hakuna daftari."

Hapo ndipo walipopata walichotaka. Mtu aliyesema liko, kisha akasema haliko, ni mwongo, na mwongo ni mchawi. Hawakumpiga, maalim alisimama mlangoni mpaka adhuhuri. Lakini kuanzia siku ile hakuna aliyemwamkia, muuza maji alipita mlango wake bila kusimama, na mtu akamwaga kinyesi cha mbuzi ukumbini pale alipokuwa akidarizi. Haikutimu mwezi, likaja gari kutoka Mombasa likampakia. Alihama mara ya pili. Mimi nilichungulia kwa tundu la dirisha. Alikuwa na masanduku mawili na ile sufuria ya mkate.

Lile tabasamu lake nililichukua kuwa dharau. Nilisema moyoni, ameniona nilivyo, ameniona mtoto asiye na thamani ya hasira. Nimelibeba hilo miaka yote hii kama tusi, na tusi unalostahili huumiza kuliko la uongo.

Rukia alipomaliza arubaini yake ndipo akasikia. Alikuwa amelazwa chumbani na hakuna aliyemwambia kitu. Alitoka hadi uani, amekonda, akamsimamia Shangazi Zuhura mbele ya watu. "Mimi ndiye niliyemwendea," akasema. "Mimi! Nilikwenda kwa siri nikamwomba aniombee, kwa sababu nilichoka na dawa zenu. Nikasahau kumwachia jina la mama. Kwa nini hakusema?" Mmoja akasema, "Ndiyo mambo ya Mungu," na mwingine akauliza kama wali umeiva. Mama mdogo Rukia hakula kwa Shangazi tena mpaka alipokufa, na mimi hilo humheshimia.

Huyo mjukuu alikuja Kibarani siku iliyofuata ile simu. Anaitwa Yaeli. Ni mwanamke wa makamo yangu, ana paji la uso la nyanyake. Huko kwao yeye ndiye anayesimama mbele ya sinagogi kuwaongoza watu kwa sauti. Tulizungumza Kiingereza, yeye chake na mimi changu. Nilimpa chai akaishika tu.

"Nyanya alikufa," akasema. "Mwishoni alisahau kila kitu. Alimsahau mamangu. Nyimbo zote zilimtoka, akifungua kinywa hakuna kitu. Lakini kisa kimoja hakukisahau. Alisema, Malindi kuna mtoto ana daftari langu. Walikuja kulichoma, wakubwa wazima, na yule mtoto wa miaka tisa akawatazama usoni akawaambia hana daftari. Nyanya alicheka kila akikisimulia. Alisema, 'Alinitosa mimi akaziokoa nyimbo. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.'"

Niliweka kikombe chini, kikalia kwenye kisahani.

"Kila Ijumaa nikitenga unga alinitajisha jina lako," Yaeli akaendelea. "Mwanaidi, tu. La mamako hakulijua, alisema alimwita Mama Mwanaidi siku zote, na Malindi aliogopa kuuliza jina la mama wa mtu. Akaniambia, nenda ukachukue daftari, na ukimwona, umuulize." Akanyoosha mikono, viganja juu. Alikuwa anatabasamu. Alidhani nitainuka niende chumbani nikarudi nalo.

Nikamwambia, "Nililichoma."

Nikamwambia yote. Jiko la mamangu, kurasa tatu tatu, kijiti, chai. Kwamba nililichoma siku moja kabla hawajaja. Kwamba sikuokoa kitu isipokuwa ngozi yangu. Mikono yake ilibaki hivyo hivyo kwa muda, kisha akaishusha mapajani akaitazama. Sikumwomba msamaha. Maji yaliyokwisha kumwagika, kumwomba mtu radhi ni kumtwisha ndoo tupu.

"Hakuna hata wimbo mmoja?" akauliza.

Nikamwimbia wa bangili. Mistari mitatu ndiyo niliyo nayo, katika maneno nisiyoyajua, kwa sauti mbaya. Aliinasa sauti yangu kwenye simu yake. Alinitaka nirudie mara nne, kwa ukali, neno kwa neno, kama maalim na mtoto mzito. Hakunitazama. Nyimbo arobaini na moja, imebaki mistari mitatu, na wa kumi na tano hata nyanyake hakuwa nao.

Akatia simu mkobani, akasimama, akafika mlangoni. Ilikuwa Alhamisi. Huko nje jirani alikuwa ameshawasha jiko la chapati. Yaeli akageuka, uso mkavu, macho mekundu, akaniuliza swali ambalo pwani nzima tumefunzwa kulikimbia.

"Mamako aitwa nani?"

Sikumuuliza alitaka la nini, kuniombea au kuniapiza. Nilimjibu.

"Saumu," nikasema. "Mwanaidi binti Saumu."